Kabange ya Kamina, Kabange ya Luena

Jumatatu, 1 Februari 1999

Mvua tangu asubuhi. Paneli ya jua haina nguvu, mashine imezimika tena kabla sijahifadhi ripoti za zahanati. Nimerudia yote. Nimetukana pia. Katika depo ya dawa ya kanisa hairuhusiwi, lakini nilikuwa peke yangu na makarton.

Mengine yanaenda vizuri. Kabange inafanya kazi. Kila zahanati inahesabu dawa zake, inanitumia disketi, nami hapa Kamina najua nani ana nini na nani hana. Hiyo ni kazi ya mikono yangu na ninajivuna nayo, wacha niseme hapa ambapo hakuna wa kunisikia.

Niliandika programu mbili pamoja mwaka jana. Moja ya wagonjwa, moja ya dawa. Kwa kuwa zilitoka tumbo moja, nikaziita kama sisi Baluba tunavyowaita mapacha: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Mdogo wangu Fifi, kule Kabondo-Dianda, ana Kyungu na Kabange wake wa nyama na damu. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilizigawa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, anayetaka anakili, anayejua arekebishe. Hivyo ndivyo mwalimu wetu wa Lubumbashi alivyotupa za kwake.

Leo kwenye phonie, redio yetu ya kuongea na zahanati, ameingia mtu wa Luena. Mukalayi, karani wa zahanati ndogo karibu na stesheni. Alichukua Kabange yangu, akaibadilisha ifuate mambo yao, sasa naye anaigawa. Bado anaiita Kabange. Anaomba mmoja wetu abadili jina, watu wasije wakachanganya.

Mmoja wetu! Anamaanisha mimi. Nimemjibu abadili yeye.

Jumatano, 3 Februari

Mukalayi tena. Ana sababu. Amekwisha kuandika programu ya pili, ya vitanda, ameiita Kyungu. Sasa na yeye ana mapacha.

"Mama, jina ya mapasa habaibadirishake. Weye uko Muluba, unajua."

Najua sana. Ndiyo maana na mimi sibadili. Jina la pacha halichaguliwi, anakuja nalo. Katika nchi hii kila nyumba yenye mapacha ina Kyungu na Kabange. Ita Kabange sokoni, nusu ya soko inageuka. Na sijawahi kusikia mama aliyerudi nyumbani na Kabange wa mwenzake. Basi ziwepo mbili, kuna ubaya gani.

Tuliongea kwa kifupi. Tangu vita vianze Agosti, ajida mmoja, mwanajeshi kutoka kambini, anaketi kando ya phonie na kusikiliza. Kiluba ni marufuku, kwa sababu yeye hakielewi. Kiswahili au Kifaransa tu. Ananuka sigara. Anafungua na kufunga phonie anavyotaka.

Jumatatu, 8 Februari

Ndege imetua kambini. Nyingi ya dawa zimechukuliwa huko huko kwa ajili ya waliojeruhiwa. Kwetu imefika kwinini kidogo ya sindano. Msimu wa homa ndio huu.

Nimegawa kwa kufuata Kabange. Disketi ya Kabondo-Dianda inaonyesha ampuli mia tatu, zile chupa ndogo za sindano. Nimeshangaa, kisha nimefurahi. Muuguzi wao, Papa Numbi, ni mtu wa kubana. Kabondo sijawapa hata moja. Nyingine nimewapa waliokauka kabisa, na msafara umeondoka leo hii kabla ya mvua. Rafu ya kwinini hapa depo iko tupu. Vizuri. Dawa kwenye rafu haimtibu mtu.

Nimeenda nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 12 Februari

Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Papa Numbi aliingia kwenye phonie asubuhi. Aliuliza kwinini yake iko wapi. Nilimwambia anayo mia tatu, awaachie wengine. Alijibu:

"Mama, minyi niko na ampuli tatu. Zile thelathini za ripoti zilishaisha kwa bantu."

Nilimwambia ahesabu upya. Nilimwambia kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka, na zahanati zote za upande huu zinasikia, maana phonie ni moja na masikio ni mengi. Alisubiri nimalize. Kisha akasema mtoto wa Fifi, Kabange, ana homa ya kichwani, tangu jana anashtuka na kukakamaa. Na kitanda cha pili kuna msichana mdogo mwenye hali hiyo hiyo. Ampuli tatu kwa wawili.

Ajida alionyesha saa yake, akazima.

Jumamosi, 13 Februari

Nimeiona.

Nimerudisha disketi ya Kabondo kwenye mashine. Juu yake Papa Numbi ameandika kwa mkono wake: KABANGE MUPYA. Pembeni mwa skrini, kwa herufi ndogo, kuna neno Luena. Mimi nilitazama hesabu tu. Nani anatazama pembeni?

Kabange yangu inahesabu ampuli moja moja. Mukalayi, wao wanapokea kwa karton, akaifanya ihesabu makarton, halafu yenyewe inazidisha kwa kumi ili kupata ampuli. Kwake ni sawa kabisa. Mtu wa treni aliipitisha disketi yake Kabondo. Papa Numbi akaona jina, akajua ni ya kwangu, toleo jipya, akaiweka juu ya ile ya zamani. Kwa nini asijue? Jina ni lile lile. Akaandika ampuli thelathini kama kawaida. Mashine ikaona makarton thelathini.

Mtoto ana uso. Ana mama anayemshika mkono sokoni. Disketi haina uso, ina jina basi. Mukalayi aliliona hilo tangu mwanzo nami nikamletea kiburi cha mapacha.

Nimekimbia kwenye phonie kuwaambia wote waifute ile ya Luena, kisha nimuulize Papa Numbi kuhusu mtoto. Sijafika mbali. Ajida ameweka mkono juu ya kipaza sauti.

"Kabange njo nani? Juzi ulisema ni mashine. Jana iko mugonjwa. Leo iko Luena na munataka kumufuta. Hii njo kode ya siri ya waasi?"

Nimeeleza. Nimeeleza vibaya, kwa kulia na kwa hasira, nikiruka kutoka mtoto kwenda disketi. Hata mimi nisingejiamini. Amefunga chumba, ameondoka na ufunguo. Mpaka Jumatatu, amesema, mkubwa wake aamue. Nimepiga mlango kwa ngumi. Amegeuka na kunitazama tu, mkono juu ya mkanda wa bunduki. Nimeacha.

Jumapili, 14 Februari

Sikwenda kanisani. Nimezunguka mji mzima. Hospitali hawana. Mafamasia wana vidonge, na mtoto anayekakamaa hamezi kidonge. Nimekwenda kwa Ramazani, yule mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Maniema, mwenye lori. Alinikaribisha, alinipa chai, alinisikiliza mpaka mwisho. Lori analo. Barabara ya Kabondo hana, daraja limekwenda na maji. Na hata lingekuwepo, ningepakia nini?

Mama amepika bukari na sombe, ugali na kisamvu. Tumeitazama wote wawili. Ameniuliza mara moja tu kama ni kweli yule Kabange wa mashine ndiye aliyekula dawa ya mjukuu wake. Nilimwambia si mashine. Ni mimi.

Naogopa. Naona meno ya yule mtoto yaliyoachana mbele, anavyotema maji kupitia pengo akimlenga Kyungu.

Jumatatu, 15 Februari

Ajida amerudi na ufunguo. Sikumpa nafasi ya kuketi. Nimemvuta mkono mpaka depo, mwanajeshi mwenye bunduki, nimemwonyesha disketi mbili zenye jina moja. Nimeweka ya kwanza, nimeandika thelathini. Nimeweka ya pili, nimeandika thelathini. Ametazama skrini, amenitazama mimi. Amevua kofia.

"Sasa mwaka muzima mulikosa jina ingine?"

Hata yeye.

Amefungua phonie. Kabondo hawajibu, labda betri. Nimeita Luena nimuombe Mukalayi kwinini, nilikuwa tayari kupiga magoti mbele ya redio. Amejibu mke wake. Mukalayi hayupo. Ijumaa alikuwa anasikiliza tulipogombana na Papa Numbi. Aliposikia thelathini imekuwa mia tatu alijua hapo hapo, kwa sababu kuzidisha kwa kumi ni kwake. Alitoa kwinini kwenye zahanati yao, akaitafutia njia. Jumamosi aliingia treni ya wanajeshi mpaka Bukama, na baiskeli yake. Kutoka hapo mke wake hajui.

Mimi Ijumaa nilikuwa nampigia kelele mzee wa watu. Yeye alikuwa anafunga mzigo.

Jumanne, 16 Februari

Kabondo kimya. Mvua. Nimeita mpaka ajida ameniletea kiti.

Hakuna kitu.

Jumatano, 17 Februari

Papa Numbi ameongea. Betri ilikuwa imekufa, wameazima ya mwenye kinu.

Mukalayi alifika jana mchana, matope mpaka kifuani, baiskeli begani, makarton ya dawa yamefungwa kichwani kwa nailoni. Kabange alipewa maji ya mshipa na kwinini ndani yake. Leo asubuhi amefungua macho. Amemuuliza Kyungu mbona amevaa shati lake. Fifi amekataa mtoto mmoja awe na bandeji ya sindano na mwingine asiwe nayo, pacha hapewi kitu peke yake, basi Papa Numbi amemfunga na Kyungu bandeji kwenye mkono usiochomwa sindano. Anatembea nayo kijiji kizima anajionyesha.

Nilicheka. Nililia. Ajida alitazama dirishani.

Halafu Papa Numbi akasema, kwa sauti ile ile, yule msichana wa kitanda cha pili hakungoja. Alikwenda jana alfajiri. Zile ampuli tatu yeye Papa Numbi aliwagawia wote wawili sawasawa, na hazikumtosha hata mmoja. Mukalayi alipoingia, mama yake alikuwa bado amempakata.

Saa yetu ya phonie ikaisha. Sikuuliza jina.

Ijumaa, 19 Februari

Mukalayi yuko Kabondo bado, anasubiri njia. Ameongea nami. Anataka kubadili jina la ya kwake, anasema kosa ni lake, ndiye aliyezidisha. Nimemwambia anyamaze. Aliniomba mapema, kwa heshima, nami nikamjibu kama mwenye mali. Ninabadili mimi. Amesema basi tubadili wote.

Tumechagua majina hewani, zahanati zote zikisikiliza na kila mtu akiwa na maoni. Mmoja alitaka Simba. Simba ngapi ziko Kongo hii? Mmoja alitaka jina la askofu. Hapana. Hakuna jina la mtu, hakuna la mnyama, hakuna lolote ambalo mwingine anaweza kulifikiria akiwa kwake bila kutujua sisi. Jina liseme linatoka wapi. Na anayechukua programu na kuibadilisha lazima aipe jina lingine kabla ya kuitoa mlangoni kwake. Hilo nimeliandika ndani ya programu yenyewe, mstari wa kwanza.

Mashine inakubali herufi nane tu. Yangu imekuwa DEPOKAMI. Yake STESLUEN. Mabaya yote mawili. Hakuna mama angempa mtoto wake. Ajida amejaribu kuyatamka, amecheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Mukalayi alikuwa amependekeza lingine kabla. Kwamba ya kwangu ichukue jina la yule msichana, kwa kumbukumbu. Alilisema nusu, mawimbi yakalimeza. Nilikataa kabla ya kulisikia.

Jumatatu, 22 Februari

Jua kidogo. Nimeandika vibandiko vya disketi asubuhi yote. Mpya kwa kila zahanati, na za zamani zirudi hapa nizifute mwenyewe.

Mchana nimemwita Papa Numbi. Sikuuliza hesabu. Nimemuuliza msichana aliitwa nani. Mwadi. Mama yake anauza samaki wakavu kutoka Lualaba. Alikuwa ameanza kujua kuandika.

Ajida ameuliza kama na huyo ni mashine. Nimemwambia hapana, huyo ni mtoto. Amesogeza kiti chake mbali kidogo na phonie, ameniacha nimalize kuongea.

Fifi ametuma salamu. Kabange anakula. Nitawatafutia mashati mawili yanayofanana.

Jina la Mwadi sitampa mtu, wala kitu. Nimefunika mashine kwa kitenge, nimefunga depo, nimerudi nyumbani kwa miguu.