Vipimo vya Machi

Quorn, 3 Machi 2011

Mwanangu Thea,
Salamu nyingi. Natumaini baridi ya Hobart haijaanza kukubana kifua. Mimi mzima, ila nyumba bila mama yako bado sijaizoea. Nakutumia vipimo vya nyota pacha tisa, vyote kwa darubini yetu ya zamani. Ile hafifu ya kundi la Kantarusi, iliyobanana na mwenzake, nimeitenganisha vizuri kabisa. Nyinyi wenye kamera mtakoma.
Baba yako, Ewald

Hobart, 20 Machi

Shikamoo baba,
Kifua hakijambo. Nimezipiga picha zile pacha tisa. Kwenye ile ya Kantarusi, nyota ndogo imeshaizunguka kubwa na kuhamia upande mwingine. Wewe umeandika namba zilezile tulizopata pamoja mwaka 1994, mpaka desimali. Nyingine nane ni hivyohivyo. Umenakili daftari letu la mwaka ule, baba. Siku hizi unaona nini? Niambie, sitakucheka.
Binti yako, Thea

Quorn, 2 Aprili

Mwanangu,
Kuhusu afya yangu, nisikudanganye tena. Barua yako nimeisoma kwa lenzi, neno moja moja. Tangu mwaka juzi kuna doa katikati ya macho yote mawili. Nyota nikiikazia macho, inapotea. Nilinakili kwa sababu nikikutumia vipimo, unanijibu kurasa nne. Nikikutumia habari za mbuzi na mvua, unanijibu mistari mitatu.
Tafadhali usimwambie daktari. Wakininyang'anya leseni ya udereva, chakula nitakifuata vipi mjini Port Augusta? Basi la kwenda huko hakuna.
Baba yako

Hobart, 11 Aprili

Shikamoo baba,
Nimelia, na nimeona aibu kwa ile mistari mitatu. Sitamwambia mtu. Ila niahidi hutaendesha gari jioni.
Thea wako

Quorn, 30 Juni

Thea,
Mwili mzima, sina hata mchubuko. Jumanne, saa tano asubuhi, jua kali, nilimgonga Beryl Noske kwa gari mbele ya posta. Amefariki. Mumewe, Clem, alitoka mbio akaniuliza, "Hukumwona, Ewald?" Nikamwambia niliona kivuli, nikadhani ni pipa la taka.
Polisi wameuliza kama kuna aliyejua hali ya macho yangu. Nimesema hakuna. Wakikupigia, sema hivyohivyo. Lawama hizi zinatosha kuniangukia mimi peke yangu.
Baba

Hobart, 9 Julai

Shikamoo baba,
Sijui kama unalala. Mimi silali.
Hawakunipigia. Nilikwenda mwenyewe kituoni, nikawapa barua yako ya Aprili na kuwaeleza nilivyokujibu. Askari aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachofanya. Nimemwandikia Clem pia, nikamwambia kwamba tangu Machi nilishuku, na Aprili nikajua. Hajajibu, na sidhani atajibu.
Utanikasirikia, najua. Ijumaa nakuja Quorn, nitakaa nawe mpaka mahakama itoe hukumu. Usipotaka kunifungulia, nitakaa hapo barazani.
Binti yako, Thea