Redio ya Gari la Chediel

Kijiji cha Kinampanda,
Kiomboi, Singida.
15 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Raheli,

Shikamoo wifi. Naanza kwa kukujulia hali huko Muskati, wewe na kazi zako, na lile joto ulilosema linaunguza hata ukiwa kivulini. Mgongo unaendeleaje? Unakula vizuri? Mama kaniambia nikuulize hilo la kula kabla ya mengine yote, na niandike kabisa kwamba ni yeye anayeuliza.

Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu. Baba mguu umepungua kuvimba, anatembea mpaka zizini na kurudi. Mama yupo. Siwezi kuandika kwamba ni mzima kabisa, lakini yupo, anaamka, anafagia uwanja. Belinda amekua, sasa anachagua nguo ya kuvaa na nyingine anaikataa. Peniel wako ananenepa. Watu wakimwona wanasema ni baba yake Chediel mtupu, hasa paji la uso. Nikisikia hivyo nafurahi, halafu naenda jikoni nalia, nikimaliza natoka.

Alizeti tulishavuna, si haba. Mvua bado, tunangoja.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Ukisema tu "haloo Mama Belinda" mimi kilio, na wewe kilio, mpaka salio linaisha hatujaambiana neno. Barua hii naipa mtu wa Kinyangiri anayerudi huko kazini. Kasema atakupa mkononi.

Wifi, jambo lenyewe ni la redio ya gari. Ulinitumia ujumbe baada ya mazishi, "Dorkas, nakuomba, mtu asiiguse hiyo redio mpaka nije. Nataka nimsikie mdogo wangu akiimba." Nikakuitikia ndiyo. Sasa sitaki uendelee kungoja safari ya nyumbani ukifikiria kusikiliza kitu ambacho hakipo tena.

Hakipo, wifi. Nimeona nikuambie hilo kwanza ndipo nieleze.

Wimbo wenyewe ni ule kwaya yetu iliorekodi Singida mjini, Chediel anaanza peke yake kwa sauti ya tatu, wenzake wanampokea. Ilitoka CD moja tu ya kujaribia, na aliyeturekodi alishahama na mitambo yake, hatujui aliko. Chediel akaiweka CD garini, redio ikaunakili wimbo ndani yake. Alifurahi kama mtoto. "Mama Belinda, redio imeshameza! Hii CD sasa haina kazi." Unamjua alivyokuwa, kitu hatupi. Akaifunga uzi, akaitundika kwenye kijiti katikati ya mtama wetu wa bondeni itishe ndege. Ikakaa huko inamemeta juani mpaka tulipovuna. Mimi nikamcheka, nikamwambia ndege wa Kinampanda sasa wanaogopa kwaya. Baada ya msiba nilikwenda kuitafuta. Niliikuta pale pale kwenye kijiti, imepauka na kuchunika, unaona mwanga upande wa pili.

Hukuwepo siku ya kumleta kutoka hospitali, ngoja nikueleze. Gari lililombeba ni lile lile lake, akiendesha Sostenes, dereva mwenzake. Njia nzima redio ilikuwa imezimwa. Walipofika wakazima gari, wakamshusha, jeneza likawekwa mbele ya mlango. Ndipo baba mkubwa Simoni akasema gari lisogezwe, turubai lipate nafasi. Sostenes kuliwasha tu, redio ikawaka yenyewe, sauti juu, na aliyekuwa anaimba ni yeye. Chediel. Wifi, sijui niandikeje. Mama alianguka. Mimi tumbo la Peniel lilikuwa kubwa, nikasimama, nikageuka kuangalia mlango wa gari kana kwamba atashuka.

Baba mkubwa akapiga kelele, "Zimeni hicho kitu! Msiba na muziki wapi na wapi?" Sostenes anabonyeza, haizimiki. Nawe unajua, kwetu matanga yakiwa hayajaondolewa hata redio ndogo ya mkononi haiwashwi. Basi vijana wakafungua boneti, wakang'oa waya wa betri huku wimbo unaendelea. Ukakatika katikati ya neno. Simlaumu mtu, walitaka kumheshimu marehemu. Lakini ndipo redio ilipoharibikia.

Tulipoondoa matanga wakarudisha waya. Kioo cha redio kikawaka, kikazima, kikawaka, kikazima. Halafu ikaanza. Ule mstari wa "Nitafika nyumbani mwa Baba" ukawa haufiki. "Nitafika nyu... nyu... nyu..." Haisogei mbele, hairudi nyuma. Ukigusa kioo hakisikii. Ukizungusha kitufe cha sauti haipungui. Kila gari likiwashwa ni hivyo mpaka lizimwe. Sostenes alichomoa fyuzi, tukapata kimya, lakini na kamera ya kurudi nyuma ikafa, akabakiza kidogo amkanyage mbuzi wa jirani. Akairudisha.

Nikuchekeshe kidogo, maana naona barua inakuwa nzito. Gari lile likiwashwa kuna mwanamke anaongea Kijapani, hatujui anasema nini. Chediel alimwambia Belinda kwamba huyo ni shangazi yake Raheli, anaongea lugha ya ng'ambo. Kwa hiyo mtoto kila asubuhi, "Shikamoo shangazi!" Mpaka leo akiulizwa shangazi yako anafanya kazi wapi, anajibu anakaa kwenye gari.

Sasa Belinda huyo huyo akajifunza ule wimbo uliokwama. Anaruka kamba uwanjani, nyu nyu nyu, nyu nyu nyu. Mtoto hajui. Mama akimsikia alikuwa anaacha alichoshika na kuingia ndani.

Asubuhi moja Sostenes kaja kuchukua gari, kaliwasha, likawa linanguruma pale na sauti inarudia rudia. Mama alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini, akamfuata mpaka dirishani. "Mnamtesa mwanangu," akasema. "Kila siku anataka kufika nyumbani, ninyi mnamzuia njiani." Sostenes akazima gari, akashuka. Siku hiyo hakwenda popote.

Hapo ndipo nilipoona siwezi kusubiri. Nikamwambia Sostenes atafute fundi wa redio za magari, lakini awe mtu wa taratibu. Akaja naye kutoka Singida, kijana anaitwa Frank. Kabla hajagusa kitu nilimkalisha, nikamweleza wimbo ni wa nani, na kwamba kuna mtu ng'ambo anausubiri. Akavua kofia. Akasema, "Mama, nimekuelewa. Nitaanza na vidogo vidogo visivyofuta kitu."

Akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia muda mrefu. Wapi. Akachomoa waya wa betri, akatuambia tungoje, tukanywa chai, akarudisha. Ni yale yale. Akapekua kama kuna kadi ya kumbukumbu imechomekwa, hakuna, wimbo uko ndani kabisa. Mwisho akaomba sindano. Kumbe pembeni ya kioo kuna kijitundu kidogo, ukidunga redio inajizima na kujiwasha upya bila kupoteza vilivyomo. Mama akamletea sindano yake ya kushonea.

Wifi, alipodunga ikawaka vizuri. Na wimbo ukaanza tangu mwanzo. Akaimba, akafika pale pa kukwama, akapita. "Nitafika nyumbani mwa Baba, vumbi la njia litaoshwa." Tulikuwa wote mlangoni mwa gari, mama kanishika mkono kaniumiza vidole. Frank kalala chini ya usukani anaangalia nyaya, Sostenes anammulikia kwa simu. Simu ilikuwa mkononi mwake, wifi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kurekodi. Tulikuwa tunasikiliza tu. Ubeti mzima, na kiitikio, ukaanza wa pili. Halafu ikafika pale pale. Nyu... nyu... nyu.

Tukadunga tena, safari hii simu zote zimeshikwa tayari. Haikurudi. Tukadunga na kudunga. Haikurudi tena.

Frank akakaa kitini akafuta mikono. Akatuambia kweli tupu. Tumbo la redio limeumia, na kila likiwashwa linazidi kuumia. Iliyobaki ni kuiriseti yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Itapona, kamera itafanya kazi, lakini kila kilichokuwemo kitafutika. Nikamuuliza hakuna nyingine? Akasema anaweza kuing'oa na kuweka nyingine, hii niihifadhi, labda siku moja atapatikana mtu wa kuutoa huo wimbo. "Ila mimi mwenyewe siamini, mama. Nisikudanganye."

Mimi nikaikamata hiyo labda. Nikasema ing'oe, nitaiweka sandukuni, Raheli akija ataikuta, Peniel akikua ataikuta. Peniel hakumsikia baba yake hata siku moja. Nilitaka amsikie, basi.

Mama akatikisa kichwa. "Mwanangu tumeshamzika. Sitamweka tena kwenye sanduku ndani ya nyumba yangu." Nikamwangalia baba, naye akachukua fimbo akaenda kwa ng'ombe. Mama akaninong'oneza kwa Kinyiramba, polepole, kwamba mimi ndiye mke. Nikisema ikae itakaa, na yeye atanyamaza.

Kama angegomba ingekuwa rahisi. Lakini alivyosema atanyamaza, nikamtazama alivyokonda, kanga inamzunguka mara mbili. Nikawaza, Raheli yuko mbali na moyo unamuuma, Peniel hajui bado anachokosa, lakini huyu ndiye anayeamka nayo. Nikamwambia Frank afanye.

Akapitapita kwenye yale maandishi ya Kijapani, anayasoma kwa kuyapiga picha na simu yake, mpaka akafika. Akanionyesha mahali. "Ukibonyeza hapa haturudi nyuma. Nibonyeze mimi?" Nikamwambia hapana. Peniel alikuwa mgongoni amelala. Gari linaunguruma, na sauti inarudia pale pale, nyu, nyu, nyu. Ndipo mama akaumalizia mstari. Unajua mama si mwimbaji, lakini aliumalizia wote, nyumbani mwa Baba, vumbi la njia litaoshwa. Alipofika mwisho nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa hivyo, kisha kikawaka, kinauliza lugha gani. Saa imeandika sifuri tupu. Kimya. Mama akaniambia, "Pole mwanangu," nami nikamwambia pole mama, akarudi kwenye ungo wake. Frank hakutaka hata kula, tukamfungia kuku wa kuondoka naye.

Tangu siku ile gari linakwenda Kiomboi na Singida bila shida. Mama anakula, si sana, lakini anakula. Juzi alimwita Belinda, akamwambia wimbo hauko hivyo unavyouimba, akamfundisha mstari mzima. Sasa mtoto anaufikisha. Anakosea sauti, anapanda juu mno, na mama anamrudisha kwa kumpiga kofi dogo la mgongo, wanaanza upya. Mimi hukaa mlangoni na Peniel nawasikiliza.

Najua ukisoma hapa utaumia. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, usimkasirikie mama. Labda umeshaanza kusema moyoni, sasa nije kufanya nini. Nakusihi usiseme hivyo. Chediel aliniambia kuimba alifundishwa na wewe, mkichota maji, kabla hajajua hata kusoma. Sisi tunaijua sauti yake ya ukubwani tu. Ile ya utotoni hakuna anayeijua isipokuwa wewe na mama, na mama anasema koo lake halifiki tena. Mkataba wako ukiisha njoo, wifi. Garini hakuna kinachokusubiri. Anayekusubiri ni Peniel, maana kuna mambo ya baba yake mimi siwezi kumwambia, sikuwepo.

Baba anakusalimu, anasema ng'ombe wako mweupe amezaa jike. Mama anakusalimu sana na anarudia lile la kula. Baba mkubwa Simoni anakusalimu. Sostenes naye anakupa pole. Lazaro kiongozi wa kwaya na wanakwaya wote wanasema nafasi yako ya kusimama ipo. Belinda anasema shikamoo, na kwamba urudi na viatu vyenye taa.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo katika nchi ya watu, akurejeshe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, leo na siku zote,

Dorkas, Mama Belinda na Peniel