Kurasa Nilizofungia Karanga

Temeke Mikoroshini,
Dar es Salaam.
10 Machi 1975

Mpendwa mjukuu wangu Polikarpo,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba nakupa kabla hujaniamkia, maana Kigoma ni mbali na mie sina nguvu za kungojea. Hujambo? Mkeo Filomena hajambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima mbele ya wanafunzi? Chemsha maji, mwalimu. Usinywe ya ziwani hivihivi.

Sie huku tupo, tumechoka. Magoti yananiuma toka Januari. Sukari tunaipangia foleni tangu alfajiri, na unga ni ule wa njano watu wanaouita Yanga. Baba yako Fransis anaula amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Lakini tunakula, tunaamka. Nashukuru.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, usicheke. Kisomo cha pale parokiani ndicho kilichonifikisha hapa. Leo ni siku ya tatu naiandika barua hii, na mkono umekufa ganzi. Sikutaka mtu aniandikie kwa sababu ya neno nitakalokuambia.

Mdogo wako Sesilia hakuchaguliwa kwenda sekondari, hilo unalijua. Toka hapo ananisaidia biashara ya karanga. Baba yako amesema mwezi wa tano ukimkuta hana shughuli ya maana, atampeleka Masasi kwa shangazi yenu, kwenye kijiji cha ujamaa, akalime. Kulima si vibaya, mie nimelima mpaka mgongo ukapinda. Lakini huyu mtoto anataka mashine ya kupiga chapa. Akikaa kidogo tu, vidole vinagonga meza.

Basi mwezi uliopita jirani yetu Leonardi, yule mpishi wa hoteli ya Kunduchi, alituletea magazeti ya Kiingereza ya kufungia karanga, kama kawaida yake. Sesilia alikuwa anakunja karatasi, akasoma kitu, akaikunjua. Kumbe ni shindano. Unatafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi kumi au zaidi, na ndani ya kila neno ziwemo a, e, i, o, u, zote tano, isikosekane hata moja. Atakayepeleka maneno mengi kuliko wenzake atasomeshwa kupiga chapa mwaka mzima bila ada. Mwisho wa kupokea ni tarehe 12 Aprili.

Tukaitoa kamusi yako sandukuni. Kiingereza sikijui, lakini hizo tano ndizo herufi za kwanza tulizofundishwa kisomoni, nazijua kuliko majina ya wajukuu. Nikaweka pajani punje ya mahindi, ndiyo a. Haragwe ndilo e, karanga ndiyo i, korosho ndiyo o, kifungo cha shati ndicho u. Kidole kikipita juu ya herufi, chake nakitupa koponi. Paja likibaki tupu, namwita Sesilia ahesabu urefu. Yeye alishika kurasa za kushoto, mie za kulia. Nikimwuliza maana, mara nyingi naye hajui. Moja aliniambia ni mtu wa mapinduzi, jingine ni mboga fulani nyeupe wanayokula Wahindi. Macho yaliwasha, shingo ikakakamaa, lakini tulifika maneno themanini na sita.

Alhamisi tukamaliza herufi ya R. Baada ya R ni jalada.

Sesilia akaligeuza jalada, akaligeuza tena. Akaniuliza, "Bibi, kamusi ya kaka imeliwa na nani?"

Nikamwambia panya.

"Panya wa Temeke siku hizi wanachana kwa mstari, bibi?"

Polikarpo, ni mie. Mwaka juzi Leonardi aliugua miezi miwili, magazeti yakakatika, karanga zikakosa pa kufungwa. Nikachana kamusi yako, ukurasa mmoja mmoja, mpaka alipopona. Nilianzia nyuma kwa kuwa nilijua ukirudi utaifungulia mbele. Ile ni zawadi uliyopewa ulipomaliza chuo, ukanikabidhi nikutunzie. Kwenye barua yako ya Krismasi uliiulizia, nikakujibu habari za kuku. Wakati ule sijaanza kisomo, na karatasi yenye maandishi kwangu ilikuwa karatasi tu. Sijitetei, nakueleza ilivyokuwa. Na tulipoanza kutafuta maneno, nilijua tangu siku ya kwanza kwamba tutafika pale. Ndiyo maana nilishika upande wa kulia, asiuone wembamba wake.

Nikamwambia yote. Nilitaka anipigie kelele, ningepumua. Hakupiga. Alikunja ile orodha akasema, "Basi, bibi. Twende tukakaange karanga."

Toka siku hiyo hagongi tena meza. Anasema wenye kamusi nzima watamshinda, kupeleka ni kujiaibisha. Kukuandikia hataki, asinichongee kwako.

Sasa nisikilize. Uliwahi kusema shuleni kwenu iko kamusi kubwa. Keti nayo, wewe na Filomena, mmoja kushoto mmoja kulia, kuanzia herufi ya S mpaka mwisho. Kwenye U fumbueni macho yote mawili, Sesilia alisema huko maneno ni mengi, maana neno linaingia na herufi moja tayari mkononi. Orodha itie kwenye treni, ije kwa anwani ya Leonardi hotelini, ifike kabla ya mwezi wa nne. Ya A mpaka R ninayo mie, nimeitoa alikoitupa. Atapeleka, hata kama itabidi nimshike mkono mpaka posta.

Una haki ya kukasirika. Lakini hasira ziandikie barua ya pili. Ya kwanza iwe na maneno ya mdogo wako tu.

Baba yako anakusalimu, na Leonardi, na mama Mwanabaraka wa nyumba ya pili anayeuliza kila siku kama mmepata mtoto. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Mungu akulinde, alinde kifua chako na nyumba yako.

Ni mie bibi yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Eufrazia