Chumba cha Ziwani na Yule Unayemwita Mama

Binti yangu Akiru,

Nimejaribu kukuambia haya kwa simu, lakini kwa simu wewe unaniwahi. Nikianza tu unasema, "Toto, niko sawa, usijali," kisha unaniuliza habari za mbuzi. Kwa hiyo naandika, na nimemwomba rafiki yangu Halima aiweke barua hii mahali ambapo watu wote wataisoma, maana najua si mimi peke yangu ninayemwonea mtu wivu kwa ajili ya mtoto wangu. Neno ni hilo, wivu. Tangu nirudi kutoka Kisumu nimelitafutia jina lenye heshima zaidi, sijalipata.

Unakumbuka siku uliyonipigia nikikanda unga wa chapati? Madereva wa malori ya Moyale walikuwa wameshuka, kila mmoja anaitisha chai, na mimi nimeibana simu kati ya sikio na bega. Ukaniambia umeitwa timu ya taifa. Ukaniambia mashindano ya Afrika Mashariki yatachezewa Kisumu, na kila mchezaji amepewa tiketi mbili za watu wa nyumbani.

"Toto, wewe ndio utachagua hoteli," ukasema. "Chagua yenye unataka. Mimi nitalipa."

"Hoteli si ninayo?" nikakuuliza, nikiangalia benchi zangu na sufuria zangu hapa Bulla Pesa.

"Hoteli ya kulala, Toto!" Ukacheka mpaka dereva mmoja akasikia, naye akacheka.

Nilijua hapo hapo nitachagua ya aina gani. Ulipokuwa mdogo tulikuwa na kashamba kule Burat, na kiangazi kikikaza mto ulibaki mchanga mtupu. Tulikuwa tunachimba kwa bakuli, tunangoja maji yajikusanye, tunayateka kidogo kidogo. Siku moja uliinua uso umejaa mchanga ukaniuliza, "Toto, kuna mahali maji hayaishi?" Nikakuambia kuna ziwa, na kwamba siku moja tutalala karibu nalo, ukiamka uwe unaliangalia. Pengine ulishasahau. Mimi nilikuwa nimeahidi.

Halima alikuja baada ya swala ya alasiri. "Salaam aleikum, mama wa mchezaji!" akaita kutoka mlangoni. Akavuta benchi, akafungua picha za hoteli za Kisumu kwenye simu yake, moja baada ya nyingine.

"Hii iko na bwawa la kuogelea."

"La nini? Mimi nataka ziwa."

"Hii hapa iko karibu na uwanja, utatembea tu."

"Iko na ziwa?"

"Wewe na ziwa lako!" Lakini akatafuta mpaka akaipata, ghorofa nyeupe imesimama ukingoni, madirisha yake yote yanaangalia maji. Nilimwambia aikuze ile picha. Niliangalia kitanda, niliangalia pazia, na nikajiona nikilivuta.

Nilikupigia kwa furaha nikakutajia jina la ile hoteli. Ukaniomba nirudie jina. Kisha ukasema, "Ngoja nimuulize Mama kwanza. Yeye anajua Kisumu."

Akiru, wewe hujawahi kuniita Mama. Mimi ni Toto, kama Waturkana wanavyoita mama zao. Halima alikuwa akitucheka zamani, anasema nyumba yetu imepinduka, mzazi ndiye toto. Sikujali, nililipenda. Kumbe jina la Mama lilikuwa limekaa tu bila mwenyewe, na mtu akalichukua.

Sijasahau wema wa Mama Atieno, huyo unayemwita Mama. Kaunti ilipoanza kupeleka timu za wasichana kucheza nje, shule ya Kisumu ikakuona, ikakupa nafasi. Yeye ndiye alikuwa matroni wa bweni. Likizo fupi ulilala kwake kwa sababu Isiolo ni mbali. Nilimtumia nyama ya kukausha na samli, naye akanitumia picha zako. Nilishukuru, kweli nilishukuru. Mpaka ile picha umesukwa nywele kwa mtindo ambao mimi sijui kuusuka, umeegemea bega lake, umefumba macho. Siku ile sikuweza kumaliza chai yangu.

Basi akanipigia yeye mwenyewe. "Dada, usichukue ya ziwani," akasema kwa upole. "Jioni wale wadudu wa ziwa wanakuja na upepo, hutaweza kufungua dirisha. Chukua ya mjini. Na tena mtoto ameniambia tiketi ya pili ni yangu, kwa hivyo tutalala pamoja."

Tiketi ya pili. Mimi nilikuwa nimeshamwambia Halima atafute viatu vya safari.

Nikamjibu, "Asante, lakini ya ziwani nishaichukua." Nilikuwa sijaichukua. Nilimwambia Halima aichukue dakika ile ile, kabla sijabadili nia.

Na wadudu wakaja, mwanangu. Siku ya kufika tu, jua likishuka, waliinuka kutoka majini kama moshi, wakaufunika ukuta, wakaufunika mlango, wakaingia kwenye chai. Nilikaa kitandani nikimngoja Mama Atieno aseme kwamba alinionya. Angesema neno moja tu, ningekuwa na cha kumjibu. Hakusema. Alilowesha leso yake, akaiziba chini ya mlango, akazima taa, akaniuliza kama nina njaa. Hata huko kunyamaza kwake kulinitia wivu, maana niliona ndivyo alivyokulea, bila kelele, wakati mimi nilikulea kwa kupiga kelele kutoka jikoni.

Asubuhi nilivuta lile pazia. Magugu yalikuwa yamefunika maji karibu na ukingo, kijani kitupu, nikadhani ni shamba. Kisha nikainua macho nikaliona lenyewe, limeenda, limeenda, halina ng'ambo. Nyinyi wachezaji mlikuwa kambini. Aliyekuja kusimama karibu nami ni yeye, na kikombe mkononi.

"Ni zuri, eh?" akasema.

"Ni zuri," nikasema. Moyoni nilikuwa nataka atoke pale dirishani. Ile nafasi ya kusimama haikuwa yake.

Uwanjani tulikaa bega kwa bega, tumevaa rangi moja. Ulipofunga lile bao tuliruka pamoja, tukakumbatiana bila kufikiri, na kwa dakika chache nilimpenda. Kisha yule msichana wa timu nyingine akakukata miguu. Ukaanguka, ukajikunja, na uwanja wote ukasikia ukilia, "Mama!"

Tulisimama sote wawili.

Mimi ndiye niliyejua. Wengine waliona akina mama wawili wamesimama, lakini mimi nilijua ni nani ameitwa. Mtu wa usalama akapanda ngazi mbio, akauliza, "Mama ya namba saba ni nani? Mmoja tu!" Mama Atieno akanisukuma mgongoni, "Ni huyu. Enda, dada, enda haraka."

Ulikuwa umelazwa kwenye kitanda chembamba, barafu gotini, jasho na machozi vimechanganyika. Nikasema, "Toto yuko hapa." Ukanishika mkono. Halafu ukaangalia nyuma yangu, mlangoni.

"Mama hajakuja?"

"Yuko nje. Wamesema mmoja tu."

"Toto, tafadhali. Waambie. Yeye anajua hili goti."

Nilienda nikawaambia. Nilibishana na yule mtu wa mlangoni mpaka akachoka nami, akamwacha Mama Atieno aingie. Akapiga magoti karibu nawe, akakuita "nyathina", mwanangu kwa Kijaluo, akamweleza daktari jinsi goti hilo hilo lilivyoumia ukiwa kidato cha pili, jinsi lilivyovimba, dawa gani ilikudhuru. Mimi sikuwa nimeambiwa kabisa kwamba uliumia kidato cha pili. Nilisimama pembeni nimeshika viatu vyako vya mpira, kwa sababu hakuna mtu aliyesema niviweke wapi.

Watu wa hapa nyumbani waliponiuliza Kisumu kulikuwaje, niliwasifia ziwa. Halima peke yake ndiye aliyeniangalia usoni akasema, "Ulikuwa unataka kulia huko na hukulia." Nikamwambia anipishe, maziwa yanachemka.

Sasa nasikia goti litapasuliwa. Nasema nasikia, kwa sababu hukuniambia wewe. Jumapili, nikitoka kanisani, Mama Atieno alinipigia. "Dada, mtoto anasema akitoka hospitali atakuja kwangu, ni karibu na daktari. Si amekuambia?"

"Ameniambia," nikasema. Nilisimama barabarani juani, watu wananipita wananisalimia, mimi sioni mtu.

Nimekasirika, Akiru, na siwezi kusema nimekasirika na nani. Yeye hakukuiba. Mimi ndiye niliyekufungia sanduku, nikakupandisha gari la kaunti, nikakuambia uwe na adabu na umtii atakayekuangalia. Ulimtii. Ukampenda pia, na hilo sikuwa nimelifikiria. Hata hivyo nataka ujue kwamba mwanamke yule akitaja jina lako, anavyolitaja kwa kulivuta mwishoni, kitu kinanichoma hapa chini ya titi, kila mara, na sioni kikipoa.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa. Jana nilimpa Halima funguo za hoteli yangu na kumwonyesha madereva gani hunywa chai bila sukari. Kisha nikampigia Mama Atieno, nikamwambia nitakuja Kisumu kabla hujapasuliwa, na nitakaa kwake mpaka utembee.

"Karibu, dada," akasema. "Nyumba ni yako."

Hata hilo liliniuma.

Atakupikia samaki, na nitaonja, na kama ni mtamu nitasema ni mtamu. Atakukanda goti kama anavyojua, na mimi nitaangalia mikono yake mpaka nijue. Wewe usinishukuru, wala usimwambie mtu kwamba Toto wako ana moyo mkubwa. Nakuja kwa sababu daktari akishamaliza, na dawa ya usingizi ikikutoka, uso wa kwanza utakaouona sitaki uwe wake.

Niko njiani,
Toto wako