Wimbo Tuliomzika Nao Tata Ngeleka

Kumbukumbu za kikao cha Kamati ya Chama cha Kusaidiana cha Orchestre Nyota ya Nzilo, Dilala, Kolwezi

Tarehe: Jumapili, 17 Aprili 1983
Mahali: Uani kwa Mwenyekiti (kikao kilihamishwa kutoka baa ili Mama Mariamu aketi bila kusemwa na watu)

Waliohudhuria:
Tata Mulumba, Mwenyekiti
Mama Kanku, kiongozi wa kwaya ya parokia
Mama Mariamu, kiongozi wa kina mama waimbaji wa harusi
Tata Asani, mwenye lori la Kolwezi–Lubudi
Kisimba, mpiga gitaa, Katibu

Mwalikwa: Mama Bilonda, mjane wa Tata Ngeleka, aliyekuwa mtunzi na mwimbaji wetu

Hakuhudhuria: Tata Tshilombo, mpiga ngoma, yuko zamu mgodini. Alituma neno kwamba anaunga mkono lolote litakaloamuliwa, mradi asiitwe tena Jumapili.

KUMB. NA. 1/83: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na nusu badala ya saa nane, akieleza kwamba misa ilichelewa kwisha. Mama Mariamu alikumbusha kwamba yeye hakuwa na misa na alikuwa ameketi pale tangu saa nane kamili. Mwenyekiti aliomba radhi.

KUMB. NA. 2/83: OMBI LA MAMA BILONDA

Mwenyekiti alieleza kwamba familia ya marehemu itaondoa kilio Jumamosi tarehe 30. Siku hiyo Mama Bilonda atavua nguo nyeusi alizovaa mwaka mzima na, kama ilivyo desturi, atacheza mbele ya watu. Mama Bilonda anaomba acheze wimbo mmoja tu, ule wa disko ambao mumewe aliutunga mwaka 1977 kwa jina lake, "Bilonda, Nimetoka Kazi". Anautaka jinsi ulivyokuwa kwenye diski ya santuri. Asipoupata, atavua nguo na kuketi chini bila kucheza, na wakwe zake waseme watakayosema.

Wajumbe wote walisema ombi ni la haki.

KUMB. NA. 3/83: DISKI ILIKO

Mama Bilonda aliuliza diski iko kwa nani. Mwenyekiti alimtazama Katibu.

Katibu alisoma uamuzi wa Aprili mwaka jana. Ulikuwa na sehemu mbili: kwanza, wimbo ule usipigwe Dilala hadi kilio kiondolewe, ili mjane asiumizwe; pili, diski ya Chama iwekwe ndani ya jeneza, juu ya kifua cha marehemu, kwa heshima. Nakala nyingine zote zilizokuwa Kolwezi zilipotea katika vita vya mwaka 1978. Redio ya Lubumbashi iliandikiwa mara mbili na haijajibu.

Tata Asani aliuliza ni nani aliyetoa wazo la jeneza. Katibu alijibu kwamba ni yeye. Alieleza kwamba siku ile aliona ni jambo zuri sana, na kwamba ameacha kuliona hivyo. Alimwomba Mama Bilonda msamaha mbele ya wajumbe. Mama Bilonda alisema Ngeleka angecheka.

KUMB. NA. 4/83: WIMBO ULIVYOPIGWA TANGU HAPO

Mwenyekiti alipendekeza wajumbe wauimbe wenyewe, kwani nani asiyeujua? Katibu alianza. Mstari wa pili ulipofika, maneno yaliyomtoka yalikuwa ya kwaya.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba marufuku yetu ilishikwa kwa mdomo tu. Mama Kanku alikiri kwamba kwaya huuimba wakati wa matoleo, "Bwana, nimetoka mbali, nifungulie", lakini alisisitiza kwamba huo ni wimbo mwingine. Mama Mariamu alisema kina mama wake huuimba bibi harusi anapotolewa, maneno yote ya Ngeleka yakiwa mahali pake, ila mwendo ni wa ngoma. Naye akasisitiza kwamba huo pia ni wimbo mwingine. Tata Asani alikuwa na kaseti ya bendi moja ya Lubudi, iliyobadilisha jina la Bilonda ikaweka la mke wa mkubwa wa stesheni. Aliulizwa kwa nini huipiga kwenye lori. Alijibu kwamba lori si Dilala.

Mama Kanku alisema afadhali kwaya kuliko lori. Mama Mariamu alisema afadhali wote kuliko waliofukia diski. Katibu aliandika hayo bila kuongeza neno.

Mama Bilonda aliomba ruhusa ya kusema.

"Mulinifungia ule wimbo mwaka muzima, mukasema ni heshima. Mi nilikuwa nausikia ku kanisa, nausikia ku ndoa, nausikia ku lori ya Tata Asani ikipita. Kila mutu alikuwa na kipande. Ni mi tu sikukuwa na kitu."



KUMB. NA. 5/83: KUUNGANISHA VIPANDE

Iliamuliwa kila mmoja arudishe alichochukua. Mama Mariamu alitoa maneno. Mama Kanku alitoa tuni, ambayo kwaya haikuibadilisha. Kaseti ya Lubudi ilitoa mwendo wa besi, na Katibu aliufuata kwa gitaa mpaka Mama Bilonda akakubali kwa kichwa.

Ugomvi ulibaki mahali pamoja. Katikati ya wimbo Ngeleka hugonga ubao wa gitaa mara tatu na kusema, "Bilonda, fungula mulango. Ni mi." Kisha sauti zote hunyamaza, ngoma peke yake inakwenda hesabu nne. Kwaya ilijaza hapo "Aleluya". Kina mama walijaza vigelegele. Lubudi walijaza tarumbeta. Kila upande ulitetea kilicho chake, na Mwenyekiti alilazimika kugonga meza.

Mama Bilonda alieleza hivi:

"Ile nafasi hakuisahau. Aliniachia mi. Kila diski ikipigwa ku nyumba, ni mi nilikuwa najibu."

Mama Kanku aliondoa Aleluya yake. Wengine walifuata. Iliamuliwa pia kwamba maneno ya Ngeleka ya mlangoni yasisemwe na mtu yeyote. Gitaa lipige hodi tu.

Wimbo ulijaribiwa toka mwanzo, Mwenyekiti akipiga ngoma kwenye ndoo. Mama Bilonda alisimama bila kucheza, kwa kuwa bado yumo katika nguo nyeusi. Katikati, Katibu aligonga ubao mara tatu. Ndoo ilihesabu, na hakuna aliyejaza.

Mama Bilonda alisema: "Ingia, tata, ukule. Bukari ingali moto."

KUMB. NA. 6/83: MENGINEYO

Hayakuwepo.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Kisimba, Katibu

Nimesoma na nimekubali, pamoja na sahihisho moja: ndoo ilihesabu nne, ikapotea, ikaanza tena. Nilikuwa sioni vizuri.
Mulumba, Mwenyekiti