Vazi la Zombi Sebuleni

Shoga, uko wapi? Natoka kwa wifi sasa hivi, mbavu sina!

Si alitutambia kwamba mwanawe hatavaa vya dukani siku ya kuzaliwa? Alitaka Mama akubali kwamba kaka alioa mtu wa maana. Basi akampa fundi kitabu cha katuni cha mashujaa: "Shona vazi kama lilivyo humu, usipunguze kitu." Mwenyewe ndani hakufungua!

Kumbe mashujaa wenyewe wamegeuka mazombi, wanatafuna watu.

Mtoto katokea mbele ya wageni joho limeraruka, damu kifuani, utumbo wa kitambaa unaning'inia. UTUMBO, shoga!

Mama kauliza, "Mjukuu wangu kagongwa na gari?"

Wifi kamrukia fundi, ambaye alialikwa aje asifiwe: "Umenishonea maiti!"

Fundi wala hana habari: "Dada, huo utumbo peke yake umenimalizia pamba."

Wifi akamvamia mtoto amvue. Mtoto akamng'ata mkono, na haachii!

Mama akadhani ndio mchezo wenyewe, akapiga makofi, sebule nzima ikafuata.

Miaka yote hiyo, leo ndiyo mara ya kwanza Mama anampigia wifi makofi. Ikabidi ainame ashukuru, mkono bado uko mdomoni mwa mtoto.