Baba Kabula, Ishushe Hiyo Presha

Mpenzi wangu Baba Kabula,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu unanichekesha, nikishakata ndiyo nakumbuka sikusema nilichotaka. Na nilichotaka kusema ni kwamba naogopa.

Ule ujumbe wako wa juzi kutoka Iringa ulituvuruga. Uliandika, "Presha imepanda vizuri, msiwe na wasiwasi." Nilikuwa nimekaa na mama yako anachambua dagaa, nikamsomea kwa sauti. Akaacha dagaa, akashika kichwa, akasema mwanawe anaumwa huko na anatuficha. Wifi akaanza kufunga mzigo akufuate. Majirani wakaingia, mmoja akasema uache chumvi, mwingine akataja majani ya mlonge. Hadi ulipopokea simu ukasema ni presha ya injini, ile hewa ambayo tabo inaisukumia ndani. Watu walicheka jamani. Wifi akasema, "Kaka yangu ndiye mtu wa kwanza kufurahia presha." Na mimi nilicheka, ila usiku nikausoma tena ule ujumbe.

Unajua kwangu hilo neno si la mchezo. Mimba ya Kabula presha ilinipanda hadi macho yakaingia giza mchana, na wewe ndiye uliyenishika mkono wodini. Nesi alikueleza kwamba mwili wangu mdogo umebebeshwa kazi kubwa, kwa hiyo kwanza presha ishuke, mengine baadaye. Ukawa unarudia kama sala, ishuke, ishuke tu. Nilikuwa nakusikia, japo ulidhani nimelala.

Halafu tajiri wako akaleta lile gari lake la mashindano pale gereji, Nyegezi. Nilikuletea chakula nikakuta watu wanne mnalinyanyua kulitoa kwenye tope. Nikasema hili si gari, hili ni beseni. Ukanifungulia boneti, ndani kainjini kadogo, silinda tatu. Nikakuuliza kitu kama hicho kinayapitaje mabasi ya mikoani? Jioni ukachuchumaa jikoni kwangu, ukachukua mfuniko ukapepea mkaa. Ukasema mkaa ni uleule, ila ukipata upepo unawaka mara mbili. Na tabo ndivyo inavyofanya: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, feni inasukuma hewa ndani kwa nguvu, mafuta yanaungua vizuri zaidi. Injini inabaki ndogo, gari linabaki jepesi. Ulikuwa unang'aa usoni, mume wangu, hadi nikaacha mboga ikaungua. Nikakwambia jiko la udongo ukilipepea sana linapasuka. Ukacheka.

"Hii ni alumini, mama."

Siku mliyokwenda kulijaribu gari kwenye barabara ya Kigongo, tajiri akataka hewa iongezwe, na hiyo alumini yenu haikusaidia kitu. Gasketi, ile inayoziba injini, iliungua, maji ya moto yakaruka. Ulirudi na mkono umefungwa kitambaa, ukaniambia umemwagikiwa chai. Chai gani inanuka grisi? Nilikuosha kama niliyeamini, nikijua ukiona nimeogopa hutaniambia tena ukweli.

Sasa huko Iringa mmeongeza tena hewa, na Jumapili ni mashindano ya kuupanda mlima. Tajiri anataka ukae pembeni yake umsikilizie injini. Gari lenyewe jepesi vile, likiyumba kwenye kona litashikwa na nini? Nikiwaza hapo namwita Kabula aje nimpakate bila sababu.

Sikwambii uache kazi. Ninajua unataka gereji yako mwenyewe na ninaamini utaipata, nimeshachagua hadi rangi ya geti. Nataka na wewe uwepo siku ya kulipaka.

Jana nilikwenda kliniki na hii mimba yetu ya pili. Waliponifunga ule mpira wa kupimia presha mkononi niligeuza uso, sikutaka kuona. Nesi akasema, "Iko sawa mama, endelea hivyo hivyo." Nikalia pale pale, akadhani sijamwelewa, akarudia polepole.

Basi nakuomba. Mwamkie tajiri vizuri, mpe heshima yake, umwambie injini hiyo ina mwisho wake na wewe fundi wake umeuona. Irudishe hewa ilipokuwa. Mkiwa wa mwisho tutakuja kukupokea stendi kama mshindi, na mama yako atapiga vigelegele, namjua. Akikataa, wewe shuka. Simama kando ya barabara umsikilizie injini yake ukiwa hapo, miguu yako ikiwa chini.

Mimi mwili wangu ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa kubwa, na walipoishusha presha nikapona, nikakupa mtoto. Ishushe, Baba Kabula. Ukimaliza niandikie neno moja tu, imeshuka, nipate usingizi.

Akupendaye na kukungoja,
Mama Kabula